Colt Commander ya gesi: mkono wa 1911 ndani ya lupango (ua wa nyumba), Lubumbashi

Tuelewane kwanza kuhusu kinachopimwa hapa. Hii si silaha ya moto. Ni bastola ya gesi ya CO2, inatengenezwa Taiwan na KWC na kuuzwa na Umarex ya Ujerumani kwa leseni ya Colt. Umbo lake ni la 1911, bastola aliyoibuni John Moses Browning, ikapokelewa rasmi na jeshi la Marekani tarehe 29 Machi 1911 na kubaki silaha yake ya kiunoni hadi 1985. Hii ya gesi hutupa gololi za chuma za milimita 4.5, kumi na nane kwa magazini moja, na slaidi yake, ile sehemu ya juu inayoteleza, inarudi nyuma kila unapofyatua kama ile ya kweli. Huko Marekani bei yake huwa dola mia na zaidi kidogo. Ikifika Lubumbashi ni hesabu nyingine.

Kwa anayetaka mkono wa 1911, yaani uzito wake, kifyatulio chake kifupi, nyundo na sefti zake (vizuizi vya usalama), hakuna kitu cha bei hii kinachoikaribia. Kwa anayetaka kutoboa karatasi palepale alipolenga kila mara, kuna bora kuliko hii. Na kwa yeyote anayeitaka hapa mjini, bastola yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Kinachoamua kama utaifurahia au itakaa kabatini ni gesi, baridi ya Juni na ukuta wa nyuma ya nyumba.

Tuanze na mkono. Karibu yote ni madini: slaidi, fremu, magazini. Ukiishika, inakaribia kilo moja, wakati 1911 A1 ya kweli bila risasi ni kilo 1.1 hivi. Jina Commander lisikudanganye. Commander halisi ya Colt ina mtutu wa inchi 4.25 na ni fupi. Hii ina urefu wa sentimita 21 na nusu hivi, yaani ni Government, ile 1911 ya urefu kamili, iliyovishwa nyundo ya duara ya Commander. Si kasoro, ila anayetafuta kifuko cha ngozi atafute cha 1911 ya kawaida, asidanganywe na maandishi ya ubavuni.

Sefti ya kidole gumba inafanya kazi, tena inalia "tak" safi ikipanda na kushuka. Sefti ya nyuma ya mpini nayo si pambo: usipoibana kwa kiganja, bastola haifyatuki. Hapo ndipo wengi hulalamika kwamba "imekufa" siku ya kwanza, kumbe wameshika chini sana. Panda juu, nyama ya kati ya gumba na shahada ikae chini ya ule mkia wa nyuma kabisa, bana, ndipo uvute.

Kifyatulio ni cha hatua moja tu. Bila nyundo kurudi nyuma hakuna kinachotokea, kwa hiyo mzunguko wa kwanza lazima uvute slaidi kwa mkono, na baada ya hapo gesi inakuvutia. Mvuto wake ni mfupi, una nafasi kidogo ya kulegea mwanzoni kisha unakatika. Si wa bastola ya mashindano, ila ni safi kuliko bastola nyingi za gesi za hatua mbili, ambazo kila mvuto ni kama kukamua nguo. Teke lake ni dogo, la slaidi kugonga mwisho wa njia yake, si la baruti. Risasi ya .45 ya kweli ya gramu 14.9 inatoka kwa mita 250 hivi kwa sekunde, na hiyo ni nguvu ya joule 465 hivi. Gololi ya gramu 0.35 inatoka kwa mita 99, joule 1.7. Ni ndogo, ndiyo, lakini inatosha kabisa kutoa jicho la mtu, na hilo tutalirudia.

Gesi sasa, maana ndipo kazi ilipo. Bastola inatumia kapsuli ya gramu 12, shingo laini isiyo na nyuzi. Madukani na kwa wauza baiskeli utaonyeshwa kapsuli za kujazia matairi, za gramu 16 na zenye nyuzi shingoni. Hizo haziingii, usilazimishe. Zile ndogo za gramu 8 za kutengenezea soda au krimu ya keki nazo si zenyewe. Za krimu hata gesi yake si CO2.

Kuzipata ni safari. Shirika la ndege halikubali boksi la kapsuli za gesi kwenye begi kwa sababu ni chombo chenye presha, na mizani ya uwanja wa ndege wa Luano haina huruma na maelezo. Njia inayofanya kazi ni barabara: mzigo unaotoka kusini kupitia Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, umeandikwa wazi kwenye karatasi za forodha kwamba ni kapsuli za CO2 na ni ngapi. Ukificha kapsuli arobaini ndani ya boksi la vipuri vya gari, umejitafutia siku mbaya kwa kitu ambacho kingelipiwa kodi kikapita.

Hesabu matumizi kabla ya kuagiza. Kapsuli moja inatoa kati ya milio 50 na 70, kutegemea joto na mwendo wako. Chukua 54, ambayo ni magazini tatu kamili, halafu badilisha hata kama bado inapumua. Zoezi moja la gololi 160 linakula kapsuli tatu. Boksi la 40 linakupa mazoezi kumi na matatu hivi. Chupa ya gololi 1,500 inamaliza mazoezi tisa. Kwa hiyo agiza maboksi mawili ya gesi kwa kila chupa tatu za gololi, na hapo vyote vitaisha karibu pamoja.

Kuweka kapsuli kunataka utaratibu, na sehemu kubwa ya uvujaji unaolalamikiwa inaanzia hapa. Toa magazini, gesi inakaa ndani yake, si ndani ya mpini. Fungua skrubu ya chini kwa alenki (ufunguo wa pembe sita). Tia tone moja, moja tu, la mafuta ya silikoni safi kwenye ncha ya kapsuli. Ingiza kapsuli ncha ikitazama juu, kuelekea vali. Kaza polepole hadi ihisi kugusa, kisha robo au nusu mzunguko kwa haraka bila kusita. Utasikia "pss" fupi, basi. Ukikaza kwa uoga, sindano inatoboa kidogo na gesi inakimbia kandokando ya oringi (mpira wa duara unaozuia gesi) kabla haijabanwa. Ukikaza kwa hasira baada ya sauti kukoma, unaponda oringi, na kapsuli ya tatu au ya nne itavuja bila kuelezeka.

Lile tone la silikoni si la kupuuza. Gesi inalibeba hadi kwenye vali na kulainisha mipira yote njiani. Dawa ya kupuliza ya kulegeza skrubu zilizoshika kutu, ile ya gereji, isiguse magazini kamwe: inavimbisha na kulainisha mipira, na magazini itavuja ndani ya wiki chache. Oringi zenyewe ni kitu kidogo sana, agiza seti mbili pamoja na bastola, kwa sababu fundi wa mjini atakutafutia ya kufanana ya mabomba ya maji na haitashika presha.

Presha hiyo ni ipi? CO2 ya maji, yaani iliyo kimiminika, ndani ya kapsuli hutoa presha kulingana na joto lake, si kulingana na kiasi kilichobaki. Kwa nyuzi 20 ni baa 57 hivi. Kwa nyuzi 10 inashuka hadi 45. Kwa 30 inapanda hadi 72. Mgeni wa Congo anadhani Lubumbashi ni joto mwaka mzima, lakini mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai kipimo kinashuka chini ya 10. Ukipiga saa moja asubuhi wakati huo, gololi zinatua chini ya pale ulipolenga, slaidi inarudi kivivu, na mara nyingine haifiki nyuma kabisa kuchukua gololi inayofuata. Wengi hudhani bastola imeharibika. Ngoja saa tano, jua likipanda, hiyo hiyo bastola inapiga vizuri. Oktoba hali inageuka: mchana ukiwa na nyuzi 32, bastola iliyoachwa juani inapiga kwa nguvu na vali inaweza kufungwa na presha, nyundo inagonga lakini hakuna kinachotoka. Ipeleke kivulini dakika kumi. Kapsuli usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Maboksi yake huandikwa yasizidi nyuzi 50, na gari lililofungwa madirisha linafika huko bila shida.

Kuna baridi nyingine ambayo bastola inajitengenezea. Kila mlio, CO2 ya maji inageuka gesi na kunyonya joto kutoka kwenye magazini. Piga kumi na nane mfululizo kwa sekunde chache, kisha gusa sehemu ya chini ya magazini: imekuwa baridi kama chupa ya friji, na siku za unyevu ina ukungu mweupe. Milio minane ya mwisho itakuwa imeshuka sentimita kadhaa kwenye karatasi. Si mkono wako. Acha sekunde tano au zaidi kati ya mlio na mlio, na ukiwa na magazini mbili, zibadilishe ili moja ipumzike wakati nyingine inafanya kazi. Magazini ya pili ni ununuzi bora kuliko kilengeo cha taa au mapambo yoyote ya mpini.

Kujaza gololi: vuta kisukuma cha chini kwa ukucha hadi kishikwe, mimina gololi kwenye tundu, hesabu 18, achilia taratibu. Usikiachilie kiruke, kinagonga midomo ya juu ya magazini, na midomo hiyo ikipata ufa gololi zinadondoka kama mchele. Gololi ziwe za chuma zilizosuguliwa, mpya. Zile zilizookotwa kwa sumaku baada ya kugonga ukuta zina makovu, na kovu moja linatosha kukwaruza mtutu, ambao ni laini ndani, bila mifereji. Hapo ndipo usahihi wake unapoishia: kwa mita tano hadi saba, kwa mkono uliotulia, gololi zinakaa ndani ya upana wa kifuniko cha mtungi wa asali. Mita kumi, subiri mtawanyiko. Vilengeo havirekebishwi, unajifunza inapopiga na kulenga kwa kufidia.

Ukitaka kutoboa karatasi kwa usahihi, ipo nyingine ya Umarex yenye jina la Colt, Government 1911 A1 ya peleti za madini ya risasi. Mtutu wake una mifereji, inabeba peleti nane kwenye gurudumu dogo, na kwa mita kumi inaiacha Commander mbali. Lakini slaidi yake haisogei, na kifyatulio kinaweza kufanya kazi kwa hatua mbili, jambo ambalo 1911 ya Browning haifanyi. Kwa zoezi la shabaha ya bastola ya mita kumi, ile karatasi ya sentimita 17 kwa 17 yenye duara la alama kumi la milimita 11.5, chukua hiyo ya peleti. Kwa zoezi la kuchomoa, kushusha sefti, kufyatua, kubadilisha magazini, chukua Commander.

Na ukuta, sasa. Lupango nyingi za mjini zina ukuta wa tofali au bloku, na gololi ya chuma ikigonga tofali haivunjiki, inarudi. Inarudi na nguvu ya kutosha kufika ulipo. Peleti ya risasi hubondeka na kuanguka, gololi haina mzaha. Kwa hiyo usitundike karatasi ukutani. Chukua katoni kubwa, la televisheni au friji ndogo, weka ndani yake mablanketi mawili mazito au kipande cha zulia yakining'inia bila kubanwa, nafasi ya kiganja kimoja kati yake, na nyuma kabisa jaza nguo kuukuu. Gololi inapita karatasi, inaingia kwenye blanketi linaloyumba, nguvu inaisha, inaanguka chini ya katoni. Blanketi lililobanwa na kukazwa linairudisha kama ngoma. Kagua kila zoezi, maana sehemu moja ikipigwa kila siku inatoboka. Mabati hata usiyafikirie, yanarusha gololi pande zote na majirani watajua unachofanya.

Miwani ya usalama kwa anayepiga na kwa yeyote aliye ndani ya lupango, pamoja na mtoto anayechungulia mlangoni. Ambaye hana miwani aingie ndani na mlango ufungwe.

Karatasi za sheria nazo ni sehemu ya bei. Sheria ya silaha na risasi ya nchi ni ile ya tarehe 3 Septemba 1985, namba 85-035. Kabla ya kuagiza, peleka picha na maelezo ya bastola kwa ofisi inayohusika na vibali vya silaha, uliza kwa maandishi inahesabiwaje na inahitaji kibali gani, na ubaki na jibu. Jibu la mdomo halifiki Kasumbalesa. Jambo lenye uzito zaidi ni sura yake: kwa hatua tano hakuna polisi atakayeitofautisha na bastola ya kweli, na haipaswi mtu kumdai aitofautishe usiku. Haina ncha ya rangi. Kwa hiyo haitoki barabarani, haiwekwi kiunoni, haipigwi picha ya kupeleka mtandaoni, na ikisafirishwa kwenda kwa rafiki anayekaa sehemu nyingine ya mji, Kampemba au Katuba, inakuwa ndani ya boksi lake, ndani ya begi, kwenye buti, bila magazini, pamoja na nakala ya karatasi. Rafiki mwenye lupango ndogo aje kwako badala ya wewe kumpelekea.

Kuivua kwa usafi ni raha ya wapenda 1911. Toa magazini, vuta slaidi, angalia kwa jicho na kwa kidole kidogo kwamba hakuna gololi. Rudisha slaidi hadi ile tobo ndogo ya nusu duara ikae juu ya pini ya kizuia slaidi, sukuma pini kutoka kulia, itoe kushoto, kisha slaidi inateleza mbele na kutoka na springi yake na mtutu. Shika springi, inaruka. Hapo ndani utaona kasoro yake ya kwanza: ulimi wa plastiki unaopeleka gololi mtutuni, ambao ni sehemu dhaifu kuliko zote. Ukiona ufa au ncha imeliwa, badilisha kabla haujavunjika ndani. Kasoro ya pili ni pale kizuia slaidi kinapogonga slaidi, madini yake ni laini na kona ya tobo hubondeka taratibu hadi slaidi inaacha kubaki wazi magazini ikiisha. Kupunguza hilo, usiachilie slaidi iruke na magazini tupu kwa raha ya kuisikia.

Kiangazi cha huku kinaleta vumbi jekundu linaloingia kila mahali. Mafuta mengi yakikutana na vumbi hilo yanakuwa matope. Reli za slaidi zipate utando mwembamba wa silikoni unaopangusika kwa kidole, basi. Masika, kati ya Novemba na Aprili, shida ni kutu kwenye skrubu na pini: pangusa jasho kwa kitambaa kikavu baada ya kila zoezi, usiihifadhi ndani ya kifuko cha ngozi, na toa kapsuli yenye gesi badala ya kuiacha ndani usiku kucha. Kuitoa, fungua skrubu polepole nje ya nyumba, magazini ikielekezwa mbali na uso, acha gesi iishe yenyewe kabla ya kumaliza kuzungusha. Ile inayotoka ni baridi ya kuchoma ngozi.

Ikianza kukataa kazi, fuata mpangilio huu kabla ya kumlaumu muuzaji. Slaidi hairudi yote: gesi imeisha au ni baridi. Mlio upo, gololi haitoki: tazama kisukuma na midomo ya magazini, kisha ule ulimi wa plastiki. Gololi mbili kwa mpigo: midomo imechoka. Inavuja "sss" ya mfululizo juu, kwenye vali: tone la silikoni, kapsuli mpya, piga kumi, mara nyingi inakaa; ikiendelea, oringi. Inavuja chini, kwenye skrubu: umekaza vibaya au mpira wa chini umepondeka. Na kama haifyatuki kabisa huku kila kitu kiko sawa, bana mpini vizuri kwanza.

Ukiipata chini ya dola mia na hamsini ukihesabu bastola na magazini ya pili, kabla ya usafiri na kodi, Commander inastahili kwa mtu mwenye lupango yenye mita nane za wazi, mahali pa kuhifadhi pakavu na njia ya uhakika ya kupata kapsuli. Asiye na njia ya kapsuli asubiri aipate kwanza, kwa sababu bastola hii bila gesi haifanyi hata zoezi la kifyatulio ipasavyo: slaidi haivuti nyundo, na utakuwa unaivuta kwa mkono kila mara.